Ini la Baba Mkwe

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza, Mkuu wa Eksirei alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akaniuliza kama naogopa giza. Nilikuwa binti mwembamba wa Kikisii, mzaliwa wa layini za wafanyakazi wa majani chai hapa hapa Kericho, baba na mama wote wachumaji, na giza nililizoea tangu utotoni. Nikasema siogopi. Akanisukumia ndani ya chumba cha kuoshea filamu, akafunga mlango, akaniacha humo na harufu ya dawa mpaka machozi yakanitoka. Aliponifungulia alikuwa anacheka peke yake. "Sasa wewe ni mwenzetu," akasema.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo hamkijui chumba cha giza. Picha zenu zinatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo. Sisi tulitoa filamu kwenye kasha lake kwa kupapasa, tukiangaziwa na taa nyekundu isiyomsaidia mtu, tukaichovya kwenye dawa ya kwanza mpaka mifupa ijitokeze, kisha maji, kisha dawa ya pili ya kuishikilia picha isipotee, halafu tukaianika kwa kibanio kama soksi. Mara ya kwanza nilipoona mbavu za mtu zikijichora zenyewe ndani ya ile dawa, nilisahau kupumua. Kwamba mtu ana mbavu nilijua, nani hajui? Lakini kuziona zikija moja moja, nyeupe, kutoka mahali palipokuwa hamna kitu, kulinitia woga wa kanisani. Nilijihisi nimeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Mkuu yule, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi mkali lakini alikuwa na heshima kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi. Mwenzangu mmoja aliwahi kumwacha mzee kwenye foleni akiwa kifua wazi, naye Mkuu akamnyoa bila maji mbele yetu sote. "Funua pale unapima peke yake," alimwambia. "Kwingine kote ni kwa mwenyewe. Ukitaka kuona watu uchi, nenda mtoni." Mgonjwa wa mguu alifunikwa blanketi mpaka kidevuni. Tulimcheka kisirisiri, tukisema ataanza kuifunika hata mashine. Sikujua kwamba sheria hiyo moja ndiyo ingekuja kunifaa kuliko vitabu vyangu vyote.

Kutoka Kericho nilipelekwa kituo cha afya cha Sigowet, na huko ndiko nilikokutana na mwalimu mmoja kijana wa Kipsigis, mtu wa Chebunyo, aliyevunjika kidole akicheza voliboli na wanafunzi. Nilimpiga picha ya kidole. Akarudi wiki iliyofuata kusema kidole kingine kinamuuma. Sitawachosha na yaliyofuata, ila tulipotangaza kwamba tunaoana, kelele ilipigwa pande zote mbili. Shangazi zangu walilia kana kwamba nimekufa. Huko Chebunyo nako wapo waliosema Mkisii hatakaa. Aliyezima maneno ni baba mkwe wangu, Mzee Arap Rono, mrefu, mkimya, asiyevua koti hata jua likiwaka vipi. Aliuliza swali moja tu: "Anajua kukamua?" Anajua, akajibiwa. "Basi mnasumbuka na nini?"

Na mwaka ule wa machafuko, watu wa kabila langu walipokuwa wakifunga virago na kuvuka mpaka kurudi Kisii, upande wa Chepilat na kwingineko, mzee huyo alibeba kiti chake cha miguu mitatu akaja kukiweka langoni kwangu. Akakaa mchana kutwa, mgongo akiwa ameipa nyumba yangu, uso barabarani, fimbo magotini. Hakusema neno na mtu. Kesho yake akaja tena. Mpaka mambo yakatulia, hakuna aliyepita lango lile. Nawaambia haya mapema ili mjue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Baada ya kuolewa nilihamishiwa hospitali moja upande wa Bomet, na baada ya miaka ya kupiga mifupa nikachaguliwa kwenda Nairobi kusomea ultrasaundi. Mashine hii haitumii miale. Inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, sauti inagonga viungo vya ndani na kurudi, na kile kinachorudi kinakuwa picha. Kichwa chake unachokishika mkononi tunakiita probu. Unampaka mgonjwa jeli ili hewa isikae katikati, unaweka probu, na mtu anafunguka bila kisu.

Mimba zilinifurahisha, sikatai. Lakini kilichoniteka ni ini. Mifupa inakaa tu, ini halitulii. Mtu akivuta pumzi linashuka, akiitoa linapanda, mchana na usiku, toka anazaliwa, na ndani yake mishipa inagawanyika na kukutana kama vijito vya bonde letu vinavyotafuta mto. Nimeangalia maini maelfu na sijawahi kuangalia moja nikaona ni la kawaida. Na kuna jambo moja kulihusu linalotisha: ndani yake halina maumivu. Ngozi yake ya juu ndiyo inayouma. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuingia, ukajenga, ukalima, na mwenye ini akaendelea kupalilia mahindi yake akiimba. Anayesubiri kuumwa ndipo aje, amekwisha kuchelewa, na hana kosa lolote.

Saratani ya ini huhesabiwa kwa hatua. Hatua ya mwanzo ni uvimbe mmoja mdogo, mishipa bado safi; huyo anaweza kupasuliwa akapona. Hatua ya mwisho ni pale uvimbe umezaa mwingine, ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni umezibwa, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa manjano. Huyo tunampa dawa ya maumivu na tunamshika mkono. Kwetu wengi huanza na homa ya ini aina ya B, virusi ambavyo mtoto huweza kuvipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa akaishi navyo kimya mpaka uzeeni.

Daktari Mkuu wetu wakati huo alikuwa mama wa kutoka kando ya ziwa, mnene, sauti ya kusikika mpaka maternity, na mtu asiyeona haya kuuliza asichokijua. Siku moja tukinywa chai alinisukumia picha nilizopiga.

"Kwamboka, hebu nielezee. Hawa watu wa layini, wengi wao watu wenu, ukiwapata na hii kitu inakuwa bado kidogo. Lakini hawa wa Chepalungu, huko Chebunyo kwa bwanako, wanakuja maji imefika shingo. Kila mara. Ni damu yao ama ni nini?"

"Daktari, kwa mashine yangu hizo maini zote ni rangi moja."

"Hilo najua. Ndio nauliza."

Tukakaa nalo, mimi na yeye, siku nyingi, tukiliongezea kila mmoja alichokiona. Mchumaji aliyeajiriwa kabisa ana zahanati ya shamba karibu na nyumba yake. Hawezi kukosa kazi bila cheti cha daktari, basi hata kichwa kikimgonga anakwenda, na akienda anatolewa damu. Lakini kibarua wa msimu, Mkisii mwenzangu wa damu moja na huyo, asiye na zahanati wala cheti, alikuja amechelewa kama mtu yeyote. Kwa hiyo damu tukaiondoa mezani. Mtu wa Chebunyo hana msimamizi wa kumdai cheti. Hospitali tulipima homa ya ini kwa akina mama wajawazito na kwa wanaotoa damu, na mzee wa miaka sabini si mjamzito wala hatoi damu. Tumbo likianza uzito anakwenda kwanza kwa mganga wa mitishamba, ambaye humchanja chale upande wa kulia chini ya mbavu, mahali hasa ini lilipo. Mara nyingi nilijua mgonjwa ameanza kuhangaika lini kwa kutazama chale zake: hizi zimefifia, hizi zina kovu jipya, hizi bado zina ukoko. Ilinistaajabisha kwamba wembe ule ulipajua mahali. Ilinisikitisha pia, maana ule ule wembe ukipita kwa mtu na mtu huweza kubeba virusi.

Lakini lilikuwapo jambo jingine ambalo Daktari Mkuu hakulijua, na mimi nililijua nikalinyamazia kwa sababu niliona ni la nyumbani. Wazee wengine hawakuja kwa sababu anayeshika probu alikuwa mimi.

Kwa Wakipsigis, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni rika, na rika ni udugu wa maisha. Binti wa mwenzako wa rika ni binti yako. Mke wa mtoto wake ni mkwe wako. Mimi niliolewa na mtoto wa mtu wa rika la Kipkoimet, kwa hiyo kila mzee wa Kipkoimet kutoka Sotik mpaka Chebunyo alikuwa baba mkwe wangu, na mzee halali chali mbele ya mke wa mwanawe akafunguliwa shati. Msifikiri nilikuwa nawashangaa. Kwetu Abagusii tuna heshima hiyo hiyo, tunaiita chinsoni, na nililelewa nikijua kwamba mwili wa baba mkwe hautazamwi, hata kitanda chake hakikaliwi. Mzee akigeukia mlangoni na kurudi nyumbani alipojua mimi ni nani, moyo wangu uliuma na papo hapo ulimpa haki.

Ndipo akaletwa kaka mkubwa wa baba mkwe. Alibebwa na blanketi, amedhoofika asiweze hata kukataa. Nilimfunika uso kwa taulo nikajifanya simjui, nikahesabu safu za chale kwenye ubavu wake, nikaweka probu. Mshipa mkubwa ulikuwa umeziba. Ini lilikuwa limejaa, sikuona pa kuanzia wala pa kuishia. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Damu yake ilikuwa imeonyesha ile homa ya ini, na Daktari Mkuu alinikalisha chini mara tu niliporudi kutoka matangani.

"Huyo mzee na baba ya bwanako ni mama mmoja?"

"Mama mmoja."

"Basi unajua ninachotaka kusema."

Nilijua. Fundi wa maabara, kijana mwanamume, alikwenda Chebunyo akawatoa damu ndugu wote waliobaki, na hapo hakukuwa na shida, mkono ni mkono. Majibu ya baba mkwe yakaja: anavyo virusi. Sasa ilitakiwa ini lake liangaliwe upesi, na baadaye tena na tena. Mwenye kuangalia hospitali nzima alikuwa mmoja, na ndiye mkwe wake.

Mume wangu alikwenda kumsihi. Alirudi amenywea kama aliyenyeshewa. Mzee alikuwa amemuuliza, "Unataka bibi yako anione tumbo? Wewe umesoma mpaka umepotea?" Tukamwambia basi apelekwe Nakuru, kwa watu wasiomjua. Akasema yeye si mgonjwa, anakula, analima, na hawezi kubebwa kama gunia kupeleka tumbo lisilouma kwa watoto wa watu. Mama mkwe alilia, akanyamazishwa kwa jicho. Nilijaribu hata kumwomba Daktari Mkuu apime yeye. Akaniambia ukweli wake: "Mimi nikishika hicho kitu naona mvua tu."

Nilikasirika. Nilikasirikia mila zao, kisha zetu, kisha mume wangu aliyekuwa hajafanya lolote, hata ng'ombe nikamkamua kwa hasira mpaka akanipiga teke. Kila nilipofunga macho niliona ule mshipa ulioziba wa kaka yake. Mtu aliyekaa langoni kwangu na fimbo magotini, na mimi mwenye kifaa cha kumwokoa, na katikati yetu shati.

Siku chache baadaye nilimmwagia Daktari Mkuu yote, hata yale ya nyumbani niliyokuwa nimeyaficha. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo geni kwake. Halafu akasema, polepole, "Kwani lazima mkono ukuwe wako? Wewe si unatumia macho?"

Nikamtazama. Nikamfikiria Arap Mosonik.

Mzee Arap Mosonik alikuwa rika la baba mkwe, wametahiriwa pamoja, wamechekana maisha yao yote. Watu walimwita daktari wa ng'ombe, ingawa kazi aliyostaafu ni ya kupandisha ng'ombe mimba kwa mrija. Alikuwa akiingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, anautafuta mji wa mimba kwa ncha za vidole, macho yake yakitazama milima. Nilimkuta kwake akinoa panga. Nilimweleza, nikiinamisha uso, maana naye ni mkwe wangu kama wengine.

"Kwa hivyo mimi nishike, wewe uone?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe unakuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia. Siwezi kuona mtu, nitaona mashine peke yake."

Aliweka panga chini. "Mimi nimekaa miaka yote natafuta kitu ndani ya ng'ombe bila kuona. Sasa nitatafuta ndani ya Arap Rono?" Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Huyo lazima akuje. Nitamwambia kama ameogopa, rika yote itajua."

Sikuambiwa walivyozungumza. Najua tu kwamba siku ya soko wazee wawili waliingia hospitali wamevaa makoti na kofia, wakitembea katikati ya barabara ya ambulensi kana kwamba ni yao. Nilikuwa nimekwisha kuning'iniza shuka mbili za wodini kugawa chumba. Skrini ilielekea kwangu. Waya wa probu ulipita chini ya shuka kwenda upande wa pili. Daktari Mkuu alisimama nje ya mlango na kumfukuza kila aliyetaka kupita.

Nilisikia kitanda kikilia. Nikasikia Arap Mosonik akifungua vifungo, akimtania mwenzake kwa Kipsigis kuhusu tumbo lake, na mwenzake akimjibu jambo lililowachekesha wote wawili.

"Mzee," nikasema, nikimwambia Arap Mosonik, "paka hiyo jeli. Weka kichwa ya mashine chini ya mbavu ya mwisho, mkono ya kulia. Elekeza juu, kama unatafuta bega."

Mbele yangu ukatokea ukungu mtupu. Hewa ya matumbo.

"Bonyeza kidogo. Mwambie avute pumzi ashike."

Baba mkwe alikuwa ananisikia vizuri kabisa, alikuwa umbali wa mkono. Lakini hakuvuta pumzi. Alingoja mpaka Arap Mosonik amwambie kwa Kipsigis, ndipo akavuta. Ikawa hivyo mpaka mwisho: mimi nasema, Arap Mosonik anarudia, naye anatii neno la rika lake. Niliuma midomo nisicheke, na papo hapo machozi yalikuwa yananilengalenga.

Na ini likashuka. Nawaambieni, nilikuwa nimeona maini kwa miaka, na bado nywele zilinisimama. Lile lilikuja kwenye skrini polepole, pana, tulivu, likiletwa na mkono usioliona kwa macho yasiyouona mkono. Arap Mosonik alikuwa fundi. Nikisema "nusu ya kidole kushoto", mkono ulikwenda nusu ya kidole, si zaidi. Nikisema "simama", ulisimama kama umetundikwa. Nikaufuata mshipa mkubwa kutoka chini hadi unapogawanyika. Msafi. Nikaanza kumshukuru Mungu.

"Sasa inua kidogo. Pole pole."

Hapo nikaliona. Pembeni, karibu na mbavu, duara dogo la ukubwa wa gololi, limejikalia lenyewe, mpaka wake wazi. Ningeweza kupita hapo katika mgonjwa anayehema kwa maumivu nisilione.

"Umepata?" Arap Mosonik aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mkono wake ulikuwa umehisi kimya changu.

"Usitoe mkono, mzee. Hapo hapo."

Nikapima, nikapiga picha, nikamwambia amfute jeli na kumfunga vifungo. Sikusema neno jingine mpaka niliposikia koti limerudi mwilini.

Picha zilikwenda Kericho kwa daktari bingwa wa picha, zikaenda Nairobi. Jibu likarudi kwamba aende Nairobi akapasuliwe, na safari hiyo mzee hakuikataa. Rika lake ndilo lililompangia safari, na Arap Mosonik alimsindikiza mpaka kitandani, akisema yeye ndiye aliyekiona kile kitu kwanza. Ini la baba mkwe lilikuwa bado laini, halijakakamaa kwa ugonjwa. Madaktari wa upasuaji walikata kipande kikubwa kiasi pamoja na kile kigololi, wakamrudisha kwetu amekonda, koti likimning'inia.

Baada ya miezi kadhaa tulitundika tena shuka zetu. Arap Mosonik akaweka mkono bila kuambiwa wapi. Nami nikaketi mbele ya skrini nikaangalia pale palipokatwa, na palikuwa pamejaa. Nilijua ini huota tena. Nilifundishwa darasani, nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama. Lakini kuliona limejirudishia lenyewe bila kelele, ndani ya mzee wa miaka ile, mishipa mipya ikipita humo na damu yake ikipiga, ni jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilizima taa ya mezani nikakaa. "Mama Chebet, kuna shida?" Arap Mosonik akaniita kwa jina la binti yangu kutoka upande wa pili. Nikamwambia hakuna shida, mzee, ngoja kidogo tu, naangalia.

Habari ilizunguka Chepalungu kuliko tangazo lolote. Daktari Mkuu, mwanamke wa vitendo, aliomba na akapewa kijana mwanamume aliyesomea ultrasaundi, na akatenga siku ya wazee, waje na wenzao wa rika, mmoja amshikie mwingine koti. Benchi la nje ya mlango wangu lilijaa kofia na fimbo. Walitaniana kwa sauti kubwa kuhusu maini yao. Sitawadanganya kwamba wote walipona, au kwamba wote walikuja mapema. Lakini vilianza kuonekana vigololi kutoka Chebunyo, mahali ambapo zamani yalikuja mafuriko tu. Vibarua wa msimu, watu wangu, ndio waliobaki nyuma, na hao ninawaachia ninyi. Nendeni mkajue nani anaweza kuwaita wakaja, maana si kila mtu huitwa na yule yule.

Nilipostaafu, sherehe ilifanyiwa nyumbani, Chebunyo. Daktari Mkuu alikuja kutoka kwao ziwani, naye amestaafu, akatoa hotuba ya kumfanya mtu azeeke tena. Baba mkwe alikuja na kiti chake cha miguu mitatu. Alikiweka langoni kama ule mwaka, mgongo kwangu, akala hapo hapo, akanywa mursik, maziwa yake ya kibuyuni, na alipomaliza akamwita Arap Mosonik wakanong'onezana. Arap Mosonik akaja mpaka niliposimama na sufuria.

"Amesema kongoi," akaniambia, yaani asante.

"Kwa nini, mzee?"

Akageuka kumtazama rafiki yake, kisha akanirudia. "Amesema, kongoi kwa kuangalia upande ingine."

Nikaitikia, nikaingia ndani kutafuta sahani ambazo hazikuhitajika, nikalia kama mtoto. Kwa kazi yangu yote nimelipwa kwa kuona. Ini la mzee yule nalijua kuliko ninavyozijua kuta za jikoni langu, nimeliona likiugua, likikatwa, likiota upya. Bega lake sijaliona hadi leo.